Mkunga Kwenye Benchi la Daktari

Fusae alimjua kwa kisogo. Uso ulikuwa umefunikwa na barakoa, nywele zimefungwa skafu, na koti alilovaa lilikuwa geni machoni. Lakini kisogo kile, kilichoinama kidogo upande wa kushoto kama cha mtu anayesikiliza ukutani, Fusae alikuwa amekitazama mara tatu maishani mwake, amelala chali, taulo kati ya meno. Na hakuna kitu kinachomkaa mwanamke kichwani kama kisogo cha mkunga anayekwenda kuchukua maji ya moto.

Alisimama pale ukumbini, miguu ndani ya ndara za hospitali zilizompwaya, namba kumi na nne mkononi. Mlango ulio mbele ya benchi uliandikwa Magonjwa ya Wanawake.

Wazo lake la kwanza lilikuwa jema. Dada Kiyono amemsindikiza mtu, alijiambia. Bila shaka kuna mja mzito aliyemshinda, naye hakuona vibaya kumleta mwenyewe. Akamtafuta huyo mja mzito kwenye benchi. Kulikuwa na ajuza anayesinzia, na wasichana wawili wa kiwanda cha nguo waliokuwa wakichekea jarida. Mwenye tumbo hakuwapo.

Mlango ukafunguka. Muuguzi akatoa kichwa, faili mkononi, sauti yake imepandishwa kama wanavyopandisha wanapoongea na wazee.

"Bibi Onoda Kiyono. Karibu ndani. Leo ni ule uchunguzi wa kutimiza miaka miwili tangu upasuaji, sivyo?"

Kiyono aliinuka. Alipogeuka kuchukua kifurushi chake, macho yake yakakutana na ya Fusae juu ya ile barakoa. Yalisimama hapo kwa muda ambao mtu angehesabu mpaka tatu. Kisha mkunga akainamisha kichwa kidogo, kama anavyosalimiwa mtu mnayekutana naye njiani, akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Fusae akaketi. Mahali alipoketi palikuwa bado na joto la Kiyono.

*

Kule Sugimata, kijiji cha mlimani, watu wanaishi kwa karatasi. Majira ya baridi magome ya mti wa kozo huchemshwa kwa maji ya majivu mpaka yalainike kama mboga, halafu wanawake huyapeleka kwenye kibanda kilichojengwa juu ya kijito. Hukaa humo wamepiga magoti, mikono ndani ya maji ya theluji, wakichambua nyuzi mojamoja na kutoa kila kidoa cheusi. Kidoa kimoja kikiachwa, kitaonekana kwenye karatasi. Karatasi ikibandikwa kwenye mlango wa mtu, jua likipiga, kidoa kitamtazama mwenye nyumba kila asubuhi, na mnunuzi atarudisha fungu zima.

Fusae alikuwa na macho ambayo kijiji kizima kilitegemea. Mafungu yenye shaka yaliletwa kwake. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na thelathini kati ya hiyo aliipitisha kwenye maji yale.

Onoda Kiyono ndiye aliyekuwa mkunga wa bonde lile. Si mkunga wa kuokota ujuzi jikoni. Alisomea mjini kabla ya vita, ana cheti ukutani na mkoba mweusi wa ngozi. Alikuwa na mtindo wake. Uchungu ukikolea, alimtegea mzazi kitendawili. "Nilimzamisha akiwa mzito, nikamwinua akiwa mwepesi kuliko jani." Mzazi akihema anajibu, karatasi. "Mgeni wangu huja uchi, hubisha hodi kwa kichwa." Hicho alikuwa akikiacha mwisho, na jibu lake halisemwi mpaka mgeni mwenyewe alie. Fusae alizaa watoto watatu kwa mikono ile. Wa pili alitoka na kitovu kimemzonga shingoni, rangi ya bilinganya, na Kiyono alimfyonza makamasi kwa mdomo wake mwenyewe, akayatemea pembeni, akamfyonza tena. Yule leo ni dereva wa lori, ana kilo themanini.

Ndiyo maana mwezi wa saba, damu ilipomrudia Fusae miaka minne baada ya kukoma, hakujiuliza aende wapi. Aliingia kwa Kiyono kwa mlango wa mbele.

"Ni njia ya damu, ule ugonjwa wetu wa wanawake, mdogo wangu," Kiyono alimwambia akimbonyeza tumbo. "Baridi ya miaka thelathini imekulalia humo ndani, sasa inatafuta pa kutokea. Kila mwanamke wa karatasi huipitia."

"Hata baada ya miaka minne?"

"Baridi haina kalenda."

Akampa majani ya pakanga ya kuogea. Akamfundisha kuwasha kidonge cha pakanga kavu juu ya ngozi ya mguu, upande wa ndani, vidole vitatu juu ya kifundo, na kufunga mkanda wa sufu tumboni. Mwezi wa tisa Fusae akarudi. Mwezi wa kumi na moja akarudi tena, na safari hiyo akauliza kwa sauti ndogo kama haingefaa amwone daktari.

Kiyono alicheka kile kicheko chake cha puani.

"Nenda, ukitaka. Watakupandisha kwenye kiti kinachopanua miguu kama chura, na kijana wa miaka thelathini atakuchungulia na tochi. Mwili wako huu niliujua kabla hajaota meno." Halafu akashusha sauti. "Wewe uko mikononi mwangu, Fusae. Au mikono yangu imekuchosha?"

Ungejibu nini hapo? Fusae aliona haya, akaomba radhi kwa kuuliza.

Na alikuwa na sababu ya kuona haya. Siku hizo, mwaka wa arobaini na tano wa enzi ya Showa, yaani 1970, wanawake wa bonde walikuwa wakipanda basi kwenda kuzaa mjini, wakarudi na mtoto aliyefungwa kibandiko cha plastiki mkononi kama bidhaa ya dukani. Pale kwenye kibanda cha kijito, Masu, ambaye mdomo wake haukujua kufunga duka, alikuwa akimchokoza kila siku.

"Mkunga wako mwaka huu kazalisha wawili. Mwakani ataanza kuzalisha paka."

"Paka wana akili," Fusae alimjibu bila kuinua macho. "Hawapandi basi kwenda kuzaa."

Wanawake walicheka, na Masu naye akacheka. Lakini nyumbani hakukuwa na kicheko. Mkwe wake, Yoshimi, mke wa mwanawe mkubwa Takeo, alipopata mimba, Fusae alimwambia nyumba hii huzalia kwa Kiyono. Yoshimi akasema hospitalini kuna mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto. Fusae akasema mashine haijui kumshika mtu mkono. Yoshimi alifunga kifurushi chake na kwenda hospitalini. Miezi minne mama mkwe na mkwe waliishi paa moja wakiambiana mambo mawili tu: chai iko tayari, na maji ya kuoga yako tayari. Yote hayo kwa ajili ya Kiyono.

Ni Yoshimi huyohuyo aliyekuja kuvikuta vitambaa. Fusae alikuwa akivificha ndani ya ndoo ya maji ya majivu, nyuma ya ghala.

"Mama," Yoshimi alisema, ameshika ndoo kwa mikono miwili. "Hii si ya leo wala ya jana."

"Ni njia ya damu."

"Mama, mimi sikusoma sana. Lakini mto uliokauka miaka minne ukianza kutiririka, mtu hupanda juu kutazama kuna nini."

Siku ya pili yake alipiga simu kutoka ofisi ya ushirika, akamwandikia Fusae saa za basi kwenye karatasi, akamfungia matonge ya wali ya njiani. Hakusema, si nilikuambia. Hilo Fusae alimhesabia wema.

*

"Namba kumi na nne."

Kiyono alikuwa ametokea mlango mwingine. Hakupita tena pale kwenye benchi. Fusae aliingia, akavua alivyoambiwa avue, akapanda kwenye kile kiti. Kilikuwa kama alivyokwisha kuambiwa. Isipokuwa kulikuwa na pazia ambalo hakuambiwa habari zake: la samawati, limeshuka kutoka darini mpaka kiunoni mwake, likamkata sehemu mbili. Upande huu kichwa chake na mikono yake iliyofungana juu ya kifua. Upande ule sehemu nyingine yote, na daktari.

"Tangu lini?" ilisema sauti ya kijana, yenye adabu.

"Mwezi wa saba."

Chuma kikagonga sinia.

"Miezi saba. Kwa nini hukuja mapema?"

Fusae alilitazama pazia. Palikuwa na mshono uliofumuka karibu na pindo, na mtu alikuwa ameushikiza kwa pini.

"Niliambiwa ni baridi."

"Na nani?"

Jina lilikuwa mdomoni. Alilisikia likiegemea meno. Kumbe moyo una mazoea yake kama mguu unaojua njia ya nyumbani gizani.

"Na watu," alisema.

Daktari alichukua kipande kidogo, akasema kitapelekwa kupimwa. Maumivu yalikuwa ya mtu anayefinywa kwa ndani. Pazia lilipoinuliwa, kijana yule, Dokta Nagumo, alikuwa tayari ameketi mezani anaandika, kichwa chini.

"Majibu wiki ijayo. Aje mumeo."

"Mume wangu haumwi."

Dokta Nagumo alitabasamu kwenye karatasi. "Ndio utaratibu, mama."

*

Kiyono alikuwa akimngoja ng'ambo ya barabara, mlangoni mwa duka la tambi. Barakoa ilikuwa imeshuka kidevuni. Alikuwa na miaka sitini na moja, na kwa mara ya kwanza Fusae aliiona yote.

"Njoo unywe kitu cha moto," Kiyono alisema. "Basi bado saa nzima."

Waliketi kwenye kona. Bakuli mbili za tambi zikaja, mvuke ukapanda kati yao. Hakuna aliyeshika vijiti.

"Miaka miwili," Fusae alisema.

"Ndiyo."

"Ulituambia umekwenda Osaka kumuuguza dada yako. Nikakuletea mochi, zile keki za mchele, za kumpelekea. Nikakutolea theluji mlangoni majuma matatu ili usirudi ukute nyumba imezama."

"Mochi nilikula mimi. Hapo ng'ambo hospitalini, ghorofa ya tatu."

"Ulikuwa na nini?"

Kiyono alizungusha bakuli lake nusu mzunguko. "Damu. Nilikuwa na miaka sita tangu ikome."

Fusae alidhani hasira ingekuja kama maji yaliyovunja ukingo. Haikuja hivyo. Ilikuja kama inavyokuja baridi ya kijito: kwanza vidole havisikii kitu.

"Kwa hiyo nilipokuja mwezi wa saba, ulijua."

"Sikujua. Nilidhania."

"Ulidhania ukanipa majani."

"Fusae, mara nyingi huwa si kitu. Wanawake kumi wakija, kwa tisa huwa—"

"Ulijiogesha majani wewe?"

Mwenye duka alipita na birika la chai. Wote wawili walimshukuru kwa kuinamisha vichwa, kama wanawake waliokuja mjini kutembea.

"Sikujiogesha," Kiyono alisema alipoondoka. "Nilipanda basi siku ya tatu."

"Siku ya tatu."

"Wanasema mganga hajigangi."

"Wanasema pia kikulacho ki nguoni mwako."

Kiyono aliinamisha macho. Alipoyainua hayakuwa na machozi. Fusae angemchukia zaidi kama yangekuwapo.

"Nikuambie nini, mdogo wangu? Ningekutuma, ungeniuliza, umejuaje? Ningesema nini? Kwamba mimi niliyewaambia wasiende, nimekwenda? Kesho yake Masu angekuwa nalo kwenye kijito, na kufika jioni bonde zima. Mlango wangu wa mbele unajua miguu mingapi siku hizi? Yako tu. Wewe tu ndiye uliyekuwa umebaki, Fusae. Sikutaka wewe nawe uende."

"Ndio ukaniweka kwako."

"Nilikuwa nikijisemea, mwezi ujao nitamwambia. Kila mwezi."

"Nimegombana na mkwe wangu kwa ajili yako. Nilimwambia mashine haijui kumshika mtu mkono." Fusae alisimama, akafunga skafu yake. "Sasa hivi daktari ameniuliza nani kaniambia ni baridi. Nimekuficha. Nimelala pale miguu juu kama chura, nimekuficha."

Aliacha tambi zikipoa. Ndani ya basi aliketi mbele, nyuma ya dereva. Kiyono aliketi nyuma kabisa. Walipofika Sugimata, walishuka kwa milango tofauti.

*

Wiki iliyofuata Shigeo, mume wa Fusae, alivaa koti lake la mazishi, ambalo ndilo pia koti lake la harusi, akaenda mjini. Yoshimi alimsindikiza, mtoto mgongoni. Fusae alibaki kwenye hodhi la rojo ya karatasi. Alichovya fremu ya mianzi, akaitikisa mbele na nyuma, kushoto na kulia, akaimwaga, akaichovya tena. Nyuzi zikilala sawa, maji hushuka kwa sauti moja. Siku ile kila karatasi ilishuka kwa sauti mbili.

Shigeo alirudi na keki. Keki ya sifongo, ndani ya boksi lenye utepe. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa, mtu huyu alikuwa amewahi kumletea mkewe zawadi moja, jembe, na hata hilo lilikuwa la mnada.

"Daktari kasemaje, Baba Takeo?"

"Uvimbe tu. Kauvimbe kadogo. Watakatoa Alhamisi ijayo, ulale wiki tatu, basi." Alikuwa akikata keki vipande vidogo mno. "Kula, mama watoto. Ina asali."

"Uvimbe wa namna gani?"

"Wa kawaida. Wa wanawake. Mimi nitaujulia wapi?" Akacheka kidogo, akaacha. "Mtindi mwaka huu umepanda bei, umesikia?"

Shigeo hakuwahi kunywa mtindi.

Fusae alikwenda jikoni. Yoshimi alikuwa akisugua sufuria. Ilikuwa safi, iling'aa mpaka taa ikaonekana ndani yake. Aliendelea kuisugua.

"Yoshimi."

"Naam, mama."

"Uliingia na baba yenu?"

"Niliingia."

"Daktari alisemaje?"

Mkono wa Yoshimi ulizunguka, ukazunguka. Huyu aliyewahi kusimama na ndoo mikononi akamwambia ukweli usoni, sasa alikuwa akizungumza na sufuria.

"Ni uvimbe, mama. Wa kawaida. Utatolewa."

Fusae akajua. Si kwamba alijua jina lake. Alijua ukubwa wake, kwa jinsi nyumba nzima ilivyokuwa ikitembea kuuzunguka. Ndivyo kulivyo: ugonjwa wa namna ile huambiwa jamaa, na mgonjwa hupewa keki. Hata yeye, baba mkwe wake alipokuwa akinyauka, alimwambia kila siku kwamba ni vidonda vya tumbo, akamchanganyia uji na tabasamu. Mzee alikufa akimshukuru. Ni leo tu, na utamu wa asali ukimganda kwenye koo, alipojiuliza yule mzee alikuwa akishukuru nini.

"Basi siendi," alisema.

Yoshimi aliacha kusugua.

"Mwambie baba yenu. Alhamisi siendi. Mkunga kanidanganya uso kwa uso, daktari kanidanganya nyuma ya pazia. Sasa nyinyi mnanidanganya kwa keki. Silali juu ya meza ya mtu asiyeweza kuniambia anatoa nini."

Siku mbili Shigeo alimbembeleza, ya tatu akafoka, ya nne akawa anakaa ghalani na magome. Yoshimi alikuwa akilia na mtoto mgongoni, akiyafuta machozi kabla ya kuingia. Wala hakuna hata mmoja aliyelitamka neno. Fusae aliwatazama wote wawili na kuwaonea huruma, na huruma ile haikupunguza chochote. Damu ilikuwa imezidi. Asubuhi alishika ukuta kabla ya kusimama.

Jumanne, saa nane mchana, alivaa viatu vya theluji akateremka kwa Kiyono.

Hakuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, kwa mlango wa jikoni, wanakopita wauza mboga. Kiyono alikuwa akikatakata figili. Alimwona, akaweka kisu chini polepole.

"Sikuja kupatana," Fusae alisema.

"Najua."

"Sikuja kunywa chai."

"Sijaipika."

Fusae aliketi kwenye ukingo wa sakafu ya mbao bila kuvua viatu, mgongo wima. "Nimezunguka kijiji kizima kichwani mwangu nikitafuta mtu asiyekuwa na haja ya kunipendeza. Nimekukuta wewe. Wewe umekwisha kunipoteza, huna cha kuogopa. Daktari kamwita mume wangu, naye karudi na keki. Mimi nina nini?"

Maji yalikuwa yakitona kwenye sinki. Kiyono alikwenda akakaza bomba.

"Kipande chako sikukiona," alisema, mgongo bado umegeuka. "Lakini mwenye uvimbe wa kawaida haitiwi mume. Daktari anakwambia mwenyewe, anakuchekea, anakuandikia dawa. Wakiita mume, ni saratani."

Ndilo hilo. Lilikuwa neno fupi kuliko alivyodhani. Fusae alilisikia likiingia jikoni mle, likaketi pamoja na figili.

"Ya tumbo la uzazi," Kiyono aliendelea, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kazi. "Hutokea kwenye ukuta wa ndani. Hukaa pale muda, haina haraka kama zingine. Ikikutwa ingali ukutani, huitoa nyumba yote ya uzazi, na mtu huishi."

"Na ikiwa imetoka ukutani?"

"Basi huwa kazi nyingine."

"Yangu imetoka?"

"Sijui. Hata yule kijana hajui, mpaka akufungue. Angekuambia anajua, angekuwa mwongo kama mimi."

"Miezi saba ni mingi?"

Kiyono aligeuka. Fusae alimwona akitafuta jibu la kumtuliza mtu, akaliona lile jibu likija mpaka mdomoni, na akamwona akilirudisha.

"Ni mingi," Kiyono alisema. "Yangu ilikuwa siku tatu."

Nje, kipande cha theluji kiliteleza kutoka paani kikaanguka na kishindo kizito. Wote wawili walingoja kiishe.

"Wewe nani alikuambia?" Fusae aliuliza.

"Hakuna. Sina mume wa kuitwa. Walitaka kumwita mpwa wangu. Daktari alipotoka nikainuka kitandani, nikafungua faili langu, nikasoma. Maneno yao nilijifunza kabla huyo hajazaliwa." Alikausha mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Nilisoma nimesimama peke yangu. Nisingependa mtu asome hivyo. Na bado nikakuacha."

"Bado ukaniacha."

"Ndiyo."

Hakuomba msamaha. Labda alijua kwamba ungeombwa, ingembidi Fusae afanye kitu nao.

"Wanakata wapi?" Fusae aliuliza.

Kiyono alianza kueleza kwa mkono hewani, akakata mstari juu ya aproni, kisha akasita. Akautazama mkono wake kama kitu kisichotosha. Akafungua aproni, akaitundika msumarini. Akafungua mkanda wa kiuno, tabaka la kwanza, la pili, sweta la sufu, fulana ya ndani. Wanawake wote wa bonde lile walikuwa wamevuliwa mbele ya Kiyono. Hakuna aliyewahi kuona hata kiwiko chake. Alizikusanya nguo kwa mikono miwili akaziinua mpaka chini ya matiti, akasimama hapo katikati ya jikoni.

Kovu lilianza chini ya kitovu likateremka moja kwa moja, la zambarau iliyopauka. Pembeni kulikuwa na alama za mishono, moja upande huu, moja upande ule. Katikati lilikuwa limepinda kidogo, mahali ambapo palichelewa kufunga.

Fusae aliinuka, akasogea. Aliinama karibu. Alihesabu mishono mpaka kumi na mbili, akapotea, akaanza tena kutoka juu. Hakuwa na haraka. Kiyono alitazama ukutani. Pumzi zake zilionekana hewani, na ngozi ya tumbo lake ilikuwa imesimama vipele kwa baridi ya jikoni lile lisilo na moto.

Fusae hakumwambia ajifunike. Alihama tu hatua moja kutoka dirishani, ili mwanga upite.